"Je, katika familia yenu kuna mlevi?"

Swali: Shikamoo Dokta. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu unywaji wa pombe kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, Moshi Vijijini. Swali hilo hapo juu ndilo nililoweka kwenye dodoso kupima historia ya familia. Msimamizi wangu amelikataa. Niweke nini?

Jibu: Marahaba. Hapo naungana na msimamizi wako. "Mlevi" ni tusi. Kijana ambaye baba yake kila jioni yuko kilabuni na kata ya mbege, ila asubuhi anaamkia shambani, atakujibu "hapana", kwani mlevi anayemjua yeye ni yule anayelala mtaroni.

Na hiyo familia ni ipi? Uliza jamaa mmoja mmoja: baba mzazi, mama mzazi, babu na bibi wa pande zote mbili. Neno "mzazi" liandike wazi, maana aliyelelewa na baba mkubwa humwita baba tu. Ukitafuta kinachorithiwa, hapo utapotea. Ukitafuta athari za malezi, uliza kando anaishi na nani.

Kisha uliza matukio: pombe imewahi kumsababishia baba yako mzazi kufukuzwa kazi, ugomvi nyumbani, ugonjwa, kukamatwa?

Vipimo vilivyokwisha tengenezwa vipo. CAST, dodoso la kuwatambua watoto wa wazazi wenye tatizo la pombe, ina maswali 30, lakini zaidi inapima machungu ya mtoto mwenyewe. Kwako naona F-SMAST ya baba na M-SMAST ya mama, ambazo mtoto hujibu kuhusu unywaji wa mzazi wake, zinafaa zaidi, maswali 13 kila moja, ila hazifiki kwa babu na bibi. Hao waulizie mwenyewe. Zitafsiri, kisha mtu mwingine azirudishe Kiingereza bila kuona nakala ya asili.

Kwenye alama, wapo watafiti wanaompa mzazi mwenye tatizo 0.5 na babu au bibi 0.25. Mwenye baba na babu mzaa mama wenye tatizo anapata 0.75, taarifa ambayo ndiyo na hapana isingekupa.

"Sijui" iwe na kisanduku chake. Niliwahi kukagua data ambazo karani alikuwa ameingiza kila "sijui" kama "hapana". Watoto wasiomjua baba wote wakawa wa familia zisizo na tatizo! Hata "hapana" ya kweli ichukue kwa tahadhari: anayesema ndiyo kwa kawaida anasema kweli, ila wengi wenye jamaa mwenye tatizo hupotea kwa kusema hapana.

Siku ya kujaza, wakalishe mbalimbali kama kwenye mtihani, na mwalimu wa darasa atoke nje.