Barua kwa mwanangu: hiyo nyumba ya Kissimmee, Florida, Marekani

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeipata, na yale makaratasi ya chama cha wamiliki, hicho kinachowatungia kanuni wenye nyumba za hapo, nimeyasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Miaka yangu ya masjala ya ardhi haikwenda bure. Unauliza kama nyumba hiyo unayotaka kununua, ukiwapangisha watalii wa siku mbili tatu, italipa mkopo. Hesabu unazijua kunishinda. Mimi nauliza: nani mwenye kuamua mgeni wako alale au asilale?

Vile vyumba vya uani, kwetu Chumbageni, Tanga, unavikumbuka. Baba yako, Mungu amrehemu, alivipaka chokaa, akanunua magodoro na vyandarua, akawa analaza wageni wanaokwenda kuangalia mapango ya Amboni. Geti lilikuwa moja kwa nyumba zote nne. Majirani wakaitisha kikao, wakapitisha: hakuna mpangaji wa chini ya mwezi. Wa kwanza kunyoosha mkono ni yule aliyekuwa akila pilau kwetu kila Ijumaa. Mkono ule ule! Mpaka leo nikimwona Ngamiani navuka barabara.

Ingawa, tuseme kweli, nao walikuwa na haki yao. Yule kijana aliyepiga muziki mpaka adhana ya alfajiri, hata mimi ningempigia kura aondoke. Lakini magodoro yalikuwa yameshalipiwa.

Ndiyo maana sichoki kusema: soma karatasi kabla hujaangalia jiko. Huko Florida, tangu Julai 2021, chama cha nyumba za namna hiyo kikibadili kanuni za upangishaji, kwa kawaida zinawabana waliokubali na watakaonunua baadaye tu. Umefurahi? Endelea kusoma. Upangishaji wa chini ya miezi 6 hauna kinga hiyo: wakiupigia kura kuukataza, katazo linamfunga kila mwenye nyumba, hata aliyepinga. Na biashara yako wewe ni ya siku mbili tatu. Fleti zina sheria yake, yenye nafuu zaidi kwa mwenye mali, ila tangu jengo la fleti la Surfside, huko huko Florida, liporomoke mwaka huo huo na kuua watu 98, wenye fleti wengi wanachangishwa pesa nzito za ukarabati. Na ada usipolipa, chama kinaweza kwenda mahakamani nyumba ikapigwa mnada.

Sikwambii usinunue. Mdogo wako anasema nakutisha tu, na pengine ni kweli. Watalii wa Disney hawakatiki, na kodi ya hapo unapokaa inakula mshahara. Lakini karatasi, mwanangu, kabla ya jiko. Ningekuwa mimi... basi, wewe ni mtu mzima, na mkeo naye ana neno lake.

Mwambie muuzaji akupatie mihtasari ya vikao vya chama vya karibuni, uone wanalalamikia nini: takataka, maegesho au wageni. Akizungusha maneno, usitoe hata arubuni kabla hujanipigia simu.

Mama yako