Usimfanye Trishina msaliti kabla hujaongea na anayemwomba

Usifanye hivyo. Nakuomba, mleta uzi, weka kalamu chini kwanza.

Kwa ambao hawajasoma swali lenyewe: ndugu yetu yuko Jinja, na Jumamosi anawashusha wachezaji wake watano chini ya bahari, kwenye ufalme wa Deep Sashelas, yule Bwana wa Vilindi katika Dungeons & Dragons, na mwenzi wake Trishina, mungu wa pomboo. Mchezo wenyewe ni wa mezani, wa dadu: mwendesha mchezo anasimulia hadithi, na kila mchezaji anaigiza mhusika wake. Ameuliza mambo manne: wahusika wawe wa leveli gani, silaha zipi zinafaa majini, ramani kubwa ichapishwe wapi Kampala, na afiche vipi siri yake, kwamba Trishina amechoshwa na wanawake wa mumewe na ameuuza ufalme kwa sahuagin, wale watu-samaki wakali wa baharini. Halafu chini kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, ameongeza: binamu yangu anacheza kuhani wa Trishina, hajui lolote, siku hiyo atazimia.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako saa sita usiku. Mimi nilikuwa na kuhani wa Trishina mezani kwangu. Leo sina kuhani wala meza.

Tulikuwa sita, kila Jumamosi jioni, chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya pikipiki pale Ntinda. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha: mimi nimekulia kambi ya jeshi ya Bombo, wawili walikuwa wanafunzi wa Kitanzania wanaokaa Kansanga, mmoja mfanyabiashara wa Busia, mmoja Mjaluo wa Kisumu, na dada mmoja wa Kalangala aliyekipata Kiswahili chake kwa kuuza samaki kwa Wakenya. Wengine walichagua miungu ya wahusika wao kama mtu anavyochagua soda. Yule dada alichukua wiki mbili. Alisoma kwamba Deep Sashelas ni mungu wa elfi wa baharini, wale watu wa hadithi wenye masikio yaliyochongoka, mmoja wa Seldarine, ile miungu ya elfi inayoongozwa na Corellon Larethian.  Akaona kwamba ni mungu mwema, muumbaji, mwenye maarifa, na macho yake hayatulii kwa wanawake. Akaniuliza, "Kaka, huyu mke wake ana nini chake mwenyewe?" Nikamwambia vitabu vimemwandikia machache, atujazie yeye.

Akatujazia, miezi minane mizima. Kuhani wake hakusema uongo hata kwa adui. Hakupita mtoto mwenye homa bila kusimama, hata kama sisi wengine tulikuwa tunafukuzwa. Alichukua kizibo cha soda, akakiponda kwa jiwe mpaka kikawa bapa, akachora pomboo juu yake kwa ncha ya msumari, akakitoboa na kukivaa shingoni kwa uzi wa kuvulia samaki. Kila alipotaka kumponya mtu alikishika kizibo hicho, akapiga miluzi miwili mifupi, ndipo anarusha dadu. Ilifika mahali mtu akisikia ile miluzi alijua yuko salama. Mfanyabiashara wetu wa Busia, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa anaipiga na yeye kwa kumsaidia.

Sasa akatokea bwana mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp la waendesha michezo. Alikuwa na maneno. Kila mtu alimwita mwalimu. Akaniuzia kampeni, yaani hadithi ndefu ya kuchezesha, aliyoiandika mwenyewe, kurasa 40, shilingi 50,000, nikamtumia kwa simu saa hiyo hiyo. Humo Trishina alikuwa na mistari miwili: mke mwenye wivu, anamsaliti mumewe, anaungana na watu wa Sekolah. Sekolah, kwa msiojua, ni mungu papa wa sahuagin, na sahuagin na elfi wa baharini ni maadui wa damu. Nikamwambia bwana yule kwamba nina mchezaji ambaye ni kuhani wake. Akanijibu kwa sauti, nimeitunza mpaka leo: "Ndiyo utamu wenyewe huo! Usimwambie. Mchezaji asipolia, bado hujachezesha."

Nikamwamini.

Usiku wenyewe nilikuwa nimejiandaa kama bwana harusi. Nilinunua rolex, zile chapati za mayai, kwa wote, nikaweka taa ya buluu, nikatandika ramani ya jumba la matumbawe mezani. Wakaingia mbele ya kiti cha enzi. Kuhani akapiga magoti, akashika kizibo, akapiga miluzi yake miwili. Nikasoma kwenye karatasi, kwa sauti ya Trishina: "Kuhani wangu mpumbavu. Kila sala uliyonipa, nilimpelekea Sekolah."

Nikanyamaza nisubiri mshtuko. Mtanzania mmoja akaanza kucheka, akaacha.

Dada akaniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Hata yule mtoto wa mvuvi?"

Huyo mtoto wa mvuvi alikuwa wa kikao cha tatu. Walimkuta amekufa maji, na yeye akateketeza uchawi wake wote wa siku ile kumrudisha. Karatasi ya yule bwana haikuwa na jibu la swali hilo. Nikalitunga papo hapo, bado kwa sauti ya Trishina: "Nilikuwa nakuchezea."

Akakivua kile kizibo, akakilaza juu ya ramani, juu ya jumba, pomboo akiangalia juu. Akasema, "Kumbe miezi minane nilikuwa nacheza peke yangu." Hakupandisha sauti. Alikusanya sahani kama kila Jumamosi, akafuta meza, akamuaga kila mtu kwa jina lake, akapanda boda akaenda. Jumamosi iliyofuata walikuja watatu. Ile nyingine, wawili. Mzee wa Busia alinipigia simu akasema yeye alikuwa anakuja kumsikiliza yule binti, na kama binti hayupo basi Jumamosi atakuwa na wajukuu zake.

Sitaki kuambiwa ni mchezo tu. Anayesema mpira ni mchezo tu aende uwanja wa Namboole siku Cranes, timu yetu ya taifa, wanafungwa dakika ya 90, asimame katikati ya mashabiki aliseme neno hilo kwa sauti. Na yule aliyeandika hapo juu kwamba Mganda hana habari na pomboo kwa sababu Uganda haina bahari, joka lenye kutema moto nalo halijawahi kuonekana Mbarara, na bado watu wa Mbarara wanaliua kila wiki.

Baada ya mwezi nilipanda meli ya MV Kalangala pale Nakiwogo, saa tatu na nusu ziwani, kwenda kumwomba radhi ana kwa ana. Alinipokea vizuri. Akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema, "Kaka, mimi sikutaka mungu wangu ashinde. Ungemvunja, ungemfunga, ungemuua, ningempigania. Lakini huku kwetu mkubwa wa ziwa ni Mukasa, hekalu lake liko Bubembe, na mkewe ni Nalwanga. Mtu akija hapa akasema Nalwanga si kitu, ni mwanamke mwenye wivu tu, wazee watamuuliza swali moja: nani amekutuma? Wewe nani alikutuma?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilinichoma kulitoa. Nilitumwa na mtu ambaye kampeni yake hajawahi kuichezesha kwenye meza yoyote. Nilikuja kumuuliza, akakiri mwenyewe: aliiandika, akaiuza, basi. Anauza dawa ambayo hajawahi kuionja hata kijiko! Nilipomweleza kilichotokea akaniambia wachezaji wangu ni laini. Laini? Dada aliyekuwa anaamka saa tisa usiku kupokea samaki ufukweni, halafu anasafiri mpaka Ntinda kucheza na sisi? Bwana yule bado yuko kwenye makundi, bado anaitwa mwalimu, na nikisoma swali lako naona mistari yake miwili ileile. Kama umenunua kwake, mdai pesa yako.

Nieleze vizuri kosa liko wapi, maana si kwamba usaliti umekatazwa. Nahodha akiwasaliti, wachezaji wanapiga kelele, wanafurahi, wanamsaka. Nilichofanya mimi ni kurudi nyuma miezi minane na kuchafua kila alichochagua yeye. Mwendesha mchezo unamiliki bahari yote, na papa, na hali ya hewa, na kila mlinzi wa mlangoni. Mchezaji ana kitu kimoja tu, mhusika wake. Mungu wa kuhani ni kiungo cha mhusika huyo, kama mkono. Huwezi kuukata mkono wa mtu akiwa amelala halafu umwambie, mshangao!

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na ningeweza ningeibandika juu ya kila uzi wa jukwaa hili: usimguse mungu anayeombwa mezani kabla hujaongea na anayemwomba.

Najua utasema siri itavuja. Haitavuja. Humwelezi hadithi. Unamwambia tu, "Binamu, nataka kumtia Trishina kwenye matatizo makubwa. Nifike wapi, na wapi nisifike?" Kisha unanyamaza. Kuna uwezekano mkubwa akakuletea jambo zito kuliko lako, kwa sababu yeye amemwaza Trishina miezi yote hiyo na wewe umemwaza tangu wiki iliyopita. Kama anataka mungu wake aanguke, atakwambia, na mtalijenga pamoja, na siku hiyo wengine wanne ndio watakaozimia.

Na kama unataka msaliti tu, mchezo wenyewe umekupa mmoja mzuri kuliko wote: malenti. Ni sahuagin anayezaliwa na umbo la elfi wa baharini, sura, ngozi, kila kitu. Wenzake humtumia kama jasusi na muuaji. Mweke ndani ya jumba kama mpiga mbiu wa Trishina, yule anayewapokea wageni na kuwaletea salamu zake. Maneno yote mabaya wanayoyasikia kuhusu wivu wa malkia yatoke kinywani mwake. Wivu wenyewe una msingi, Sashelas kweli ana tabia hiyo, kwa hiyo wachezaji wataamini. Acha dalili ndogo: papa wanaozunguka nje ya dirisha wanageuka wote kwa pamoja kila akipita, kwa sababu sahuagin huwaamuru papa kwa mawazo tu, mpaka umbali wa futi 120. Kuhani akiziona dalili hizo na kumtetea mungu wake mbele ya baraza zima, utakuwa na kikao ambacho hakuna kurasa 40 za mtu zinazoweza kukupa.

Silaha, kwa haraka. Kwa sheria za toleo la tano la mchezo, zile za mwaka 2014, asiye na mwendo wa kuogelea akishambulia kwa silaha ya mkononi majini hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo, isipokuwa kama ana kisu, upanga mfupi, mkuki, mkuki wa kurusha au ule wa meno matatu. Upinde wa kawaida nao unapata shida hiyohiyo, na zaidi ya umbali wake wa kawaida haupigi kitu kabisa. Upinde wa mtambo na wavu ni salama. Moto unaumiza nusu tu kwa aliyezama. Kupumua, tumia ule uchawi wa kupumua majini: watu kumi, saa 24, na ukiufanya kama ibada haukuli nguvu. Na uwakumbushe kwamba sahuagin akimwona adui aliyekwisha kujeruhiwa hupata wazimu wa damu, anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, kwa hiyo kuponya mapema kuna maana kuliko kule nchi kavu. Hapo ndipo binamu yako atang'aa, umwachie nafasi.

Mimi sasa nakusanya watu upya, watatu mpaka leo. Dada wa Kalangala nimemwalika, hajasema ndiyo wala hapana. Kizibo chake ninacho, nilimpelekea siku ile akasema nikae nacho kwanza.

Kikao chako ni Jumamosi, na leo ni Jumatano. Binamu yako mpigie kesho asubuhi, usimwandikie ujumbe, mpigie, halafu urudi hapa utuambie amesema nini.