Shangazi, nashukuru vipi na sikukuu yenyewe imenipita nimelala?

SWALI: Assalam alaikum Shangazi. Mie ni mama wa watoto watatu niko Wete, Pemba, napika vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele, na visheti vya oda, biashara yangu mwenyewe, niliianza na kilo mbili za unga wa mchele na trei la kuazima. Ramadhani iliopita nimepika kilo 96 za vileja alhamdulillah, nimenunua vitabu vya skuli na jiko nimeliezeka. Lakini siku ya Idi nimeswali nikarudi nikasema nijinyooshe kidogo tu, nikashtuka alasiri, watoto washatoka na wifi yangu wamekwenda Tibirinzi, kiwanja cha sikukuu kule Chake Chake. Kesho yake mgeni kamuuliza mwanangu mdogo wa miaka 6 jana ulikwenda kiwanjani na nani, akajibu na shangazi, mama alikuwa kazini. Na mie nilikuwa chumbani nimelala! Hilo neno limenikaa kooni mpaka leo. Watu wamenisaidia jamani, mavyaa (mama mkwe) kakaa na watoto mwezi mzima, binti wa jirani kaja kila usiku baada ya tarawehe kunifinyia vileja, nikampa kanga na vile vilivyovunjika vunjika. Fitri nimetoa pishi 6, mana tuko watu 6. Ila moyoni nahisi sijashukuru. Sikukuu kubwa hiyo inakuja, nifanyeje?
Mama Vileja, Wete

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu, na hongera, kilo 96 za vileja si mchezo, unga wa mchele haushikani kama wa ngano, ukikitoa kileja kwenye trei bado kimoto kinamong'onyoka mkononi, kwa hivo kila kilo ina subira yake na vya kuvunjika havikosi. Na hapo kwenye vya kuvunjika ndipo nilipokwama mie, barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya neno hilo.

Usingizi wa Idi usikuumize, umechoka kwa kutafuta halali ya wanao. Ile aya ya 185 ya Suratul Baqara inayozungumzia Ramadhani inamalizia kwa kutwambia tukamilishe hesabu, tumtukuze Mungu na tupate kushukuru, ndio hizo takbira za usiku wa Idi, na takbira hazihitaji uwe umekaa, hata umeinama unapanga mkaa juu ya trei ulimi unazisema. Fitri nayo, pishi kwa kila kichwa ndio karibu kilo mbili na nusu, ikitoka kabla ya sala ya Idi umemaliza wajibu wako.

Sasa watu. Mtume (SAW) katufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, na mie naona kooni kwako kumekaa hilo zaidi kuliko la usingizi. Huyo binti kaacha usingizi wake mwezi mzima, kanga ni zawadi, sio ujira! Na vya kuvunjika ni vya kuvunjika. Mwite mkae, mhesabu siku alizokuja au kilo alizofinya, tuseme mmekubaliana elfu moja kwa kilo na kafinya kilo 60, basi hiyo ni 60,000 yake, mpe hata kwa mafungu mawili na umwombe radhi. Na sikukuu hii mpatane bei kabla mkaa haujawashwa. Tumeambiwa tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na huyu jasho lake limeshakauka zamani, mwanangu, usichelewe tena.

Na la mavyaa nitakwambia kwa mfano wa mamangu mwenyewe. Mie nilikuwa nashona nguo za Idi hapo Chake, miaka ya kabla ya 2010, kabla haujaja ule umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, giza lilikuwa jambo la kawaida, na mamangu alikuwa akinishikia taa ya mafuta usiku mie natia vifungo, mkono ukimchoka anahamishia wa pili, hasemi kitu. Idi nne nzima nilimshonea gauni kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja, mkono rangi hii, kifua rangi ile, akavaa. Idi ya tano nikamkatia yake mwezi wa Shaabani, kitambaa kizima, kabla sijapokea oda ya mtu. Alilipokea akakaa nalo mapajani kimya muda mrefu sana, na alilivaa mpaka likapauka.

Kwa hivo trei lako la mwanzo, samli ile nzuri, hiliki uitwange siku hiyo hiyo, liwe la nyumbani. Liandike kwenye daftari oda namba moja na gharama yake uitie kwenye bei ya vileja vyako. Vizima vitupu, mavyaa lake pakti, wifi lake, binti lake, baba watoto lake, na huyo wa miaka 6 ndie akabidhi kwa mkono wake, yeye aanze kwa bibi yake. Vya kuvunjika kuleni na chai nyote pamoja.

Na oda uzifunge. Idi hii ya kuchinja ni mwezi 10 Mfunguo Tatu, yaani tarehe kumi ya Dhulhija, basi mwezi 6 funga kupokea, mwezi 8 usiku trei la mwisho litoke, Arafa mwezi 9 upumzike (ukifunga saumu ndio bora zaidi). Watakaokupigia simu Arafa jioni na wapo wengi, waambie nimeshafunga oda, Idi ijayo wahini. Utapoteza kilo kumi labda, sawa tu.

Idi mosi baada ya alasiri vaa, washike wanao mikono mwende Tibirinzi wewe mwenyewe, mkono wa Idi wape wewe, ukae nao mpaka magharibi.

Mavyaa akishalifungua pakti lake niandikie, nataka sana kujua kasema nini.