Bastola gani na kaliba gani (ukubwa wa risasi) ya kutembea nayo porini huku kando ya ziwa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi ni mpima ardhi, nakaa Nyegezi. Mwezi ujao tuna kazi ya wiki tatu kupima mashamba kandokando ya Ghuba ya Speke, kuanzia Magu kwenda Lamadi mpaka upande wa Bunda, tutatembea kwa miguu kuanzia alfajiri na kulala kwenye mahema. Nina bastola ya 9mm ninayoimiliki kihalali kwa ajili ya duka la familia. Sasa naangalia video za Wamarekani wanaotembea milimani, wanasema 9mm porini ni ya kuchezea tu, chukua 10mm au .44 Magnum. Nibadilishe?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Usibadilishe, na nakuomba usome mpaka mwisho maana nimekuwa askari wa wanyamapori miaka mingi na sasa nafundisha watu kutumia silaha, swali lako naulizwa sana na kuna watu linaweza kuwaua.

Kwanza hao Wamarekani wanaongelea dubu. Dubu mweusi wa kwao wengi wana uzito wa mtu mmoja au wawili, na hata yule mkubwa wa kahawia wa Alaska bado sio kiboko. Kiboko dume anafika kilo 1,500 na zaidi, ngozi yake mgongoni na ubavuni ni nene kama sentimita tano hivi, alafu anakimbia kama kilomita 30 kwa saa nchi kavu, yaani mita nane kwa sekunde moja. Akitokea kwenye matete mita 20 kutoka ulipo una sekunde mbili na nusu, na ndani ya hizo ushtuke, uache mashine ya kupimia, utoe bastola, uelekeze, upige. Huna muda wa risasi ya pili.

Sasa twende kwenye namba maana ndo ulichouliza. Nguvu ya risasi inayotoka mdomoni mwa silaha tunaipima kwa jouli. 9mm ya kawaida, kichwa cha gramu 8, inatoa kama jouli 490 hivi. .357 Magnum inakaribia 700 na kidogo, 10mm iko kwenye 800 na kitu, .44 Magnum inapita 1,200. Ukiishia hapo utaona .44 ni kubwa mno, mara mbili na nusu ya bastola yako. Lakini raifo (bunduki ndefu) ya .375, ambayo ndo waongozaji na wawindaji wanaanzia nayo kwa nyati na kiboko tangu ilipotoka 1912, inatoa zaidi ya jouli 5,500. Shotgani yenye risasi moja kubwa, sio marisau, inapita 3,000. Kwa hiyo ngosha, kutoka 9mm kwenda .44 umepanda ngazi moja wakati mnyama wako yuko ghorofani, na umelipia ile ngazi kwa teke la bastola mkononi linalofanya wengi wafumbe macho kabla ya kuvuta triga. Nimewaona uwanja wa shabaha, mtu mzima mwenye nguvu zake, risasi ya tatu anapiga vumbi hatua tano mbele yake.

Na jouli peke yake haziui. Kinachoua ni risasi kufika kwenye ubongo au moyo, na kufika kunategemea kichwa cha risasi yenyewe. Ile yenye kishimo kwenye ncha, ambayo labda ndo unayo ya dukani, imetengenezwa ifunguke na kusimama mapema, kwa mtu ni sawa, kwa mnyama mwenye misuli na mfupa mnene inaishia njiani. Porini unataka risasi ngumu, ncha bapa, isiyofunguka. Mwaka 2016 kule Alaska mwongozaji Phil Shoemaker alimuua dubu wa kahawia kwa 9mm kwa risasi ngumu za namna hiyo, na watu wanaitaja habari hiyo kama ushahidi kwamba 9mm inatosha, mi naisoma tofauti: yule amekaa na dubu miongo na miongo, alijua pa kupiga na mkono haukutetemeka. Kazini kwake alikuwa na raifo ya .458 miaka yote.

Kuna jambo jingine hizo video hazikuambii kwa sababu halipo kwao. Marekani tangu 2010 mtu anaruhusiwa kuingia na silaha kwenye hifadhi za taifa kama sheria ya jimbo inaruhusu. Hapa hapana. Huko Lamadi unakokwenda geti la Ndabaka liko palepale barabara ya Musoma, Serengeti inaanzia hapo, na ukivuka mpaka na bastola kiunoni bila kibali cha maandishi wewe kwa askari ni jangili, leseni yako ya dukani haikuokoi. Tena leseni yenyewe umeomba kwa sababu ya duka, kwa hiyo kabla hujaibeba kwenda nayo kambini nenda polisi wilaya waeleze safari yako na wakwambie kama inaruhusiwa, usifanye kwa kudhani. Wapimaji mna ramani, huo mpaka uwekeni kwenye GPS siku ya kwanza.

Kama wakikuruhusu, bastola yako ina kazi gani? Fisi anayezoea kambi, mbwa mwenye kichaa, mtu mbaya usiku. Kwa hayo 9mm inatosha kabisa kama umeifanyia mazoezi. Kwa nyoka hapana, swira na kifutu tiba yake ni buti ndefu, tochi, na kuangalia unapokanyaga. Kwa mamba pia hapana, mamba anakukamata ukiwa unachota maji na hujamuona, choteni kisimani au bombani kijijini hata kama ni mwendo.

Kiboko sasa, huyu ndo nataka umuelewe kuliko kaliba zote. Jioni anatoka majini kwenda kula majani, usiku kucha yuko nchi kavu, alfajiri anarudi. Na wewe umeniambia mnaanza kutembea alfajiri! Hapo ndo mtakutana. Anzeni saa mbili jua likishakuwa juu, mrudi kambini kabla ya saa kumi na moja jioni. Njia yake utaijua, ina mifereji miwili na katikati kuna tuta la majani, msiweke hema juu yake wala karibu yake, na kamwe usisimame kati ya kiboko na maji. Siku moja tukiwa doria karibu na mafunjo dume alitoka ghafla, mwenzangu alikuwa na raifo mkononi tena tayari, lakini aliyetuokoa ni mzee wa kijiji tuliyekuwa naye, alituvuta shati kwa nguvu tukatoka pembeni ya njia na yule mnyama akapita moja kwa moja akaingia ziwani, hakutugeukia hata. Alikuwa anataka maji yake. Hilo nalikumbuka mpaka leo na ndo maana nakuandikia kwa kirefu hivi.

Hela ya kununua .44 itumie hivi: muombeni mwajiri alipie askari wa wanyamapori mwenye raifo atembee nanyi siku za kupima karibu na maji, utaratibu muanzie ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Kila kijiji mkifika ripotini kwa mtendaji na muombe mvuvi au mchungaji anayejua viboko wako upande gani wiki hiyo. Inayobaki nunua risasi ukafanye mazoezi ya kutoa na kupiga mita saba ukiwa na begi mgongoni, maana mkanda wa begi unafunika kiuno na bastola haitoki, mkoba wa bastola wa kifuani ni bora zaidi. Na unyevu wa ziwa unakula chuma, ifute na kuipaka mafuta kila jioni, sio ukirudi Nyegezi.