Menyu inayoshtuka ikikatizwa njiani

SWALI: Ndugu mhariri, ninatengeneza tovuti yenye menyu inayoteleza kutoka ukingo wa kushoto wa skrini. Nimetumia CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti) kwa muda wa milisekunde 300, na menyu ikiachwa iende yenyewe hufika vizuri. Lakini mtu akiirudisha kabla haijafika, hushtuka kana kwamba imegonga ukuta. Nimeshauriwa kutumia springi, yaani hesabu inayoisogeza menyu kana kwamba imefungwa kwenye springi, ila sitaki menyu inayodundadunda. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ushauri uliopewa ni mzuri, na hofu yako inaondoka kwa hesabu fupi. Mwendo wa CSS hujua mahali pa kuanzia, pa kuishia na muda. Haujui menyu ilikuwa na kasi gani ilipokatizwa, kwa hiyo agizo jipya huitupa kasi hiyo na kuanza upya. Springi haina muda uliopangwa. Hukumbuka mahali menyu ilipo pamoja na kasi yake, na ukibadilisha mwisho wa safari, menyu hupunguza mwendo kwanza, kisha hugeuka.

Katika kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa upya, zidisha umbali uliobaki kwa ugumu wa springi (hiyo ndiyo kanuni aliyoichapisha mwanasayansi Robert Hooke mwaka 1678), toa kasi iliyozidishwa kwa msuguano, kisha gawanya kwa tungamo. Jawabu ni mchapuko, unaobadilisha kasi, nayo kasi huisogeza menyu.

Kudunda hutokea pale tu msuguano unapopungua chini ya mara mbili ya kipeuo cha pili cha ugumu uliozidishwa kwa tungamo. Ugumu ukiwa 170 na tungamo 1, mpaka huo ni takribani 26. Ukishusha msuguano hadi 18, menyu ya pikseli 300 itapitiliza kwa pikseli 15 hivi, na ufa utaonekana ukingoni. Kwako wewe, baki na 26. Hata hivyo, kidole kikiirusha kwa nguvu menyu inaweza kupitiliza kidogo, kwa hiyo refusha rangi yake ya nyuma upande wa kushoto, nje ya skrini.

Usihangaike na linear(), amri ya CSS ya kupanga mwenendo wa kasi, iliyoingia katika vivinjari vikuu mwaka 2023: huchora umbo la springi, lakini bado ni mchoro wa muda maalumu, na tatizo lako litabaki palepale. Wekea kikomo muda kati ya fremu mbili, maana ukurasa ukifichwa kisha ukarudiwa, hatua moja kubwa huweza kuirusha menyu mbali kabisa. Kwa aliyechagua miondoko michache katika mipangilio ya simu yake, ifungue menyu papo hapo.