Kwa unayeanza kutua Kisongo

Uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, uko futi 4,550 hivi juu ya usawa wa bahari; ule wa Moshi ni karibu futi 2,800. Aliyezoea Moshi akija Kisongo mchana wa jua kali huona ardhi inamkimbilia, na kweli inamkimbilia. Joto likifika nyuzi 28, hewa ya Kisongo huwa nyepesi kama ya futi 7,000. Saa ya mwendo ikisoma noti 65 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), ndege inakata hewa kwa noti 72 hivi. Mwanafunzi anadhani amezidisha mbio, anapunguza nguvu na kuvuta usukani, mwendo unaporomoka, na ndege inazama ingali futi kadhaa juu ya lami.

Amini saa. Kwa ndege ndogo ya Cessna 172 ni noti 60 hadi 70 flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zikiwa chini, iwe Tanga au Kisongo. Wala usiongeze mwendo ukidhani unajilinda: asilimia 10 ya ziada hurefusha umbali wa kutua kwa asilimia 20 hivi. Ndege itaelea, lami itakwisha mbele yako, nawe utashawishika kuisukuma chini.

Usiisukume kamwe. Ndege ndogo nyingi za mafunzo huharibikia hapo. Ikidunda, mkono hutaka kupeleka usukani mbele, lakini kabla pua haijaitika ndege imeshaanza kuanguka yenyewe. Gurudumu la mbele linatangulia kugonga, pua inarushwa juu kuliko mwanzo, na kila mdundo unauzidi uliopita. Mguu wa mbele huvunjika, propela hukata lami, ukuta wa chuma nyuma ya injini hukunjika. Propela ikishagusa lami, injini hufunguliwa na kukaguliwa ndani, hata kama inanguruma vizuri.

Mdundo mdogo: shikilia pua pale pale, ongeza nguvu kidogo, acha ndege ishuke taratibu. Mdundo mkubwa, au wa pili, ghairi kutua. Throtoli, yaani kishikio cha nguvu ya injini, mbele yote, kanyaga pedali ya mguu wa kulia papo hapo kwa sababu nguvu nyingi kwenye mwendo mdogo huvuta pua kushoto, flapu toka nyuzi 30 hadi 20. Zilizobaki zipandishe hatua kwa hatua, ndege ikiwa inapanda na mwendo unaongezeka. Ukizikunja zote kwa pamoja utazama tena.

Jambo moja wageni wa nyanda za juu hulisahau: kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Kukisukuma ndani chote kabla ya kutua ni sawa kule pwani. Kisongo, injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hulemewa na mafuta na kupoteza nguvu wakati ule ule unapoghairi, nayo kwa wembamba wa hewa ilishapoteza karibu robo. Kiweke mapema panapofaa kwa mwinuko huo, kama kitabu cha ndege kinavyoelekeza, mkufunzi akiwa kando yako.

Upepo wa ubavuni ukiwepo, bawa la upande wa upepo liwe chini, pua uinyooshe kwa pedali za miguu. Magurudumu yakigusa usilegeze usukani. Uelekeze kwenye upepo, na uongeze kadiri mwendo unavyopungua. Flapu na taa ziguse ukishatoka kwenye njia ya kutulia.