MGB ya 1971 "iliyorudishwa upya": kabla hujalipa, omba kuiona chini

Mkuu, umeuliza kama uchukue hiyo MGB ya wazi (gari dogo la michezo la Kiingereza) ya mwaka 1971 uliyoikuta inauzwa hapa Uingereza, ambayo muuzaji anasema imerudishwa upya kila kitu. Umeweka picha nane. Rangi nyekundu imetulia, kromu inameta, rimu za spoku hazina hata doa. Lakini hakuna picha hata moja ya chini ya gari, na mimi nitakujibu kuhusu huko chini tu, maana ndiko nilikoumia.

Kazi ya bodi nimejifunzia Gerezani, Dar. Nilipohamia Midlands nikanunua MGB ya 1969, nayo ilikuwa inang'aa hivyo hivyo. Nikasikiliza injini, nikaiendesha, nikalipa. Miezi mitano baadaye nikapiga jeki upande wa kulia ili nifungue gurudumu, mlango ukagoma kufunguka. Nikashusha jeki, ukafunguka vizuri tu. Moyo ukanilipuka. Nikachukua patasi nikakwangua chini ya mlango: rangi, kisha puti (ile ya kujazia mashimo ya bodi) nene kama biskuti, chini yake wavu wa waya, halafu kutu ikamwagika sakafuni kama majani ya chai.

MGA, iliyotangulia, ilikuwa na chesisi, yaani fremu ya chini, iliyojitenga na bodi. MGB ilipotoka mwaka 1962 haikuwa nayo. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Na hii ya wazi haina paa la kusaidia, kwa hiyo uzito mwingi unabebwa na sili, yaani zile boksi za bati zinazopita chini ya milango. Sili ina bati la nje, la ndani, na jingine katikati. Fundi wa haraka anabandika bati jipya la nje juu ya bovu, anapaka puti, anapuliza rangi. Kazi ya kweli inataka ukate hadi sehemu ya chini ya mbawa (bati zinazofunika magurudumu) za mbele na za nyuma ili uingie ndani, na uchomelee huku bodi imeshikiliwa na milango ikiwa mahali pake. Usipofanya hivyo gari linakaa kama machela, katikati limezama.

Kwa hiyo nenda na sumaku ndogo uliyoivika kitambaa ili usikwaruze rangi ya watu. Ipitishe kwenye sili yote na kwenye kona za chini za mbawa. Ikikataa kushika, hapo juu ni puti nene, si bati. Angalia uwazi kati ya mlango na mbawa, uwe sawa juu na chini. Kisha omba gari lipigwe jeki upande mmoja na wewe ufungue na kufunga mlango. Muuzaji akikataa jeki, mimi ningeondoka.

Muulize pia kama bodi ni ya zamani au ni mpya. Tangu 1988 British Motor Heritage wanatengeneza bodi mpya za MGB, na iliyojengwa juu ya bodi hiyo ni habari nyingine kabisa. Picha za kazi ikiendelea lazima awe nazo. Mtu aliyetumia miaka kuchomelea hakosi picha, anakuonyesha hata usipoomba.

Usitegemee MOT, ule ukaguzi wa magari wa kila mwaka hapa Uingereza. Gari lililopita miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki tena kukaguliwa, hivyo linaweza kukaa miaka bila mkaguzi kuingia chini yake. Lipia ukaguzi wewe mwenyewe.

Injini hainipi wasiwasi. Ni ile ya 1798 cc yenye kabureta mbili za SU, ngumu, na vipuri vyake vimejaa kwa sababu MGB zilitengenezwa zaidi ya 500,000 hadi kiwanda cha MG cha Abingdon kilipofungwa mwaka 1980. Ikiwa moto na iko mwendoni, geji ya presha ya oili isome psi 50 au zaidi. Kwenye rimu za spoku, sikiliza mlio wa "ko" ukitoka mbele kwenda rivasi. Hayo ni meno ya habu yamelika.

Yangu nilimaliza kuichomelea upya kwa wikendi 14, na leo milango inafunga kwa kidole kimoja. Ukishapiga jeki hiyo nyekundu, rudi hapa utuambie mlango umefanyaje, ndipo tuzungumze bei.